Mita ya njano ya shilingi 15,000 na taa za Corolla 110 zinazocheza

Habari za asubuhi ndugu zangu, karibuni. Hapa ni Uyole, Mbeya, mwezi wa saba, na mnaniona na koti na kofia kwa sababu jua limetoka lakini bado halijapasha kitu. Nyuma yangu ni Corolla 110 ya mjomba. Hii mkononi ndiyo tunayoichambua leo: mita ndogo ya kupimia volti, DT830B, ile ya njano mnayoiona kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Mimi nimeinunua Mwanjelwa kwa shilingi 15,000. Nimekaa nayo wiki mbili, na nataka mjue inafaa wapi kwenye gari la zamani na wapi itakudanganya.

Kwanza niwaambie kilichonifanya niinunue. Tulikuwa tunatoka Tukuyu, saa mbili usiku, tukafika Isyonje ukungu umelala barabarani. Taa zikaanza kucheza. Zinafifia, zinarudi, zinafifia, kila tairi likigonga shimo. Taa za dashibodi zinapepesa pamoja nazo, redio inakatika. Mbele yetu lori la viazi linapanda taratibu, nyuma yake hakuna taa hata moja. Mjomba alishusha kioo akatoa kichwa nje ili auone ukingo wa lami. Safari ile sitaisahau.

Kesho yake gari likaenda gereji. Ikabadilishwa betri. Baada ya siku nne taa zinacheza tena. Ikabadilishwa altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikinguruma, ya mtumba, na taa zikaendelea kucheza vilevile. Mjomba ni mwalimu mstaafu, na fedha ile alikuwa ameitenga kwa mbolea ya msimu ujao. Kilichoniuma ni kwamba hakuna mtu aliyepima chochote kabla ya kushika spana.

Sasa sogeeni karibu na kamera. Hii mita ina swichi moja ya kuzungusha. Kwa kazi ya gari, karibu kila kitu utakifanya ukiwa umeiweka hapa, kwenye 20, upande wa DC, yaani umeme wa moja kwa moja kama wa betri. Waya mweusi unaingia tundu la chini lililoandikwa COM, mwekundu unaingia tundu la katikati. Tundu la juu la 10A liacheni. Naomba mnisikilize vizuri hapa: ukisahau waya mwekundu kwenye lile tundu la 10A halafu ukagusa vichwa vya betri ukidhani unapima volti, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Someni wenyewe pembeni ya tundu, imeandikwa UNFUSED, maana yake hakuna fyuzi ya kukulinda. Nyaya zenyewe ni nyembamba, zitayeyuka mkononi mwako. Huo ndio udhaifu mkubwa kuliko yote wa mita hii.

Tupime. Gari limelala usiku kucha, sijagusa swichi. Mnaona: 12.5. Betri nzima iliyojaa husoma karibu 12.6 ikiwa imepumzika. Ukiona 12.2 imebaki kama nusu, na ukiona 12.0 iko taabani. Huku kwetu nyanda za juu baridi inaongeza tatizo, kwa sababu betri ikipoa nguvu yake ya kusukuma stata, ile mota ya kuwashia injini, inapungua, hata kama volti zinaonekana nzuri. Mjomba, shikamoo, washa gari tafadhali. Haya, 14.2. Altaneta inachaji. Kati ya 13.8 na 14.5 uko salama. Ikibaki 12 na kitu wakati gari linanguruma, haichaji. Ikipita 15, regulata, yaani kidhibiti cha volti za altaneta, imekufa, na hapo balbu zitaanza kuungua moja baada ya nyingine.

Na jambo moja la hatari. Kuna watu bado wanapima altaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri gari likiwa linanguruma, eti likizimika altaneta ni mbovu. Zamani ilifanyika sana. Corolla 110 ina kompyuta ya injini. Ukichomoa betri ghafla, volti zinaruka juu, zinaweza kuua dayodi za altaneta, vile vipande vinavyougeuza umeme wake kuwa DC, na kompyuta pamoja. Mita ya shilingi 15,000 inakupa jibu hilohilo bila kuhatarisha chochote.

Sasa twende kwenye kipimo kilichotupa jibu. Huu mchoro niliuandika kwenye daftari siku ile, mnaona. Betri ilikuwa 14.1 injini ikinguruma, yaani altaneta inachaji vizuri. Lakini nilipochomeka mita nyuma ya balbu ya kulia, taa zikiwa fulu, nikapata 11.9. Volti zaidi ya mbili zimepotelea njiani. Zimepotelea wapi? Umeme wa gari unatoka chanya kwa waya, na unarudi hasi kwa bodi ya gari. Watu wanahangaika na ule waya wa kwenda wakisahau njia ya kurudi. Nikaweka ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, ncha nyekundu kwenye bodi, pale kwenye chuma kitupu karibu na taa. Washa taa zote, washa feni ya hewa moto. Ikasoma 1.6! Bodi na hasi ya betri ni kitu kimoja, kwa hiyo hapo unatakiwa uone karibu sifuri, isizidi 0.2. Nikagusa injini badala ya bodi: 0.05. Basi waya wa hasi unaokwenda kwenye injini ni mzima, ndiyo maana gari lilikuwa linawaka na kuchaji bila shida. Mbovu ni ule wa pili, mfupi, unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi.

Tukaufungua. Bolti ilikuwa imelegea, chini yake kutu nyekundu, na nyuzi za shaba karibu na kichwa zimegeuka kijani. Gari likigonga shimo, waya unatikisika, unagusa, unaachia. Nikapiga msasa mpaka chuma king'ae, nikanunua waya mpya na kichwa chake, nikaukaza, nikapaka grisi juu ili unyevu usiingie.

Mtaniuliza, je, ningeweza kujua bila mita? Kwa sehemu, ndiyo, na ninyi mnaweza kuanza hivyo. Taa moja tu inacheza? Angalia soketi yake na waya wake wa bodi. Zote zinacheza pamoja na dashibodi ukigonga mashimo? Kuna muungano mkubwa umelegea, na anza na vichwa vya betri vyenyewe, vishike kwa mkono uone kama vinazunguka. Zinang'aa ukikanyaga mafuta na kufifia ukiachia? Tazama mkanda, halafu kaboni na regulata za altaneta. Indiketa zikipepesa haraka kuliko kawaida, mara nyingi balbu moja imeungua.

Turudi kwenye mita yenyewe. Ubaya wake wa pili ni mwendo. Inabadilisha namba mara mbili au tatu hivi kwa sekunde, kwa hiyo taa ikikatika kwa kufumba na kufumbua, mita haioni. Hapo testa ya balbu ya mafundi wa zamani inaishinda kabisa: unaifunga, mwenzako anatikisa nyaya, macho yako yanaona balbu inapotetemeka. Mimi nabeba zote mbili. Pia haina mlio wa kuonyesha waya umeungana, na ukilala chini ya dashibodi huku shingo imepinda utautamani sana ule mlio. Dayodi za altaneta haitakusaidia kuzipima kwenye gari, kwa sababu upande wa AC, yaani umeme wa kupanda na kushuka, unaanzia 200, na mawimbi madogo ya dayodi mbovu unayoyatafuta ni madogo mno kwa kipimo hicho. Na ukiona namba zote zinapanda bila sababu, usiikimbilie altaneta, badilisha kwanza betri ya volti 9 iliyomo ndani ya mita. Ikichoka, mita inasoma uongo.

Kwa mwenye gari moja nyumbani, nunua bila wasiwasi. Kwa fundi anayeishi kwa kazi hii, ongeza fedha upate yenye fyuzi kila tundu, nyaya nene na mlio.

Mjomba, naomba washa tena. Taa fulu, feni mpaka mwisho. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye bodi. Tazameni: 0.04. Natikisa waya... 0.04. Na kwenye balbu ya kulia, 13.8.

Taa ya kushoto mnaona bado mwanga wake ni hafifu. Nimeipima, nayo ina 13.8. Hiyo si ya umeme. Kioo chake kimekuwa cha njano kwa jua la miaka mingi, na mjomba anasema tutakisugua mchana jua likipasha vizuri.