Boma la Mjerumani Bagamoyo: nenda, ila usiende saa sita mchana

Jamani mnaouliza Bagamoyo kuna nini zaidi ya bichi, nendeni Boma. Ni lile ghorofa la Mjerumani la 1897 pale Mji Mkongwe, limejengwa kwa umbo la U, juu limekatwa meno meno ya ngome, ukiliona kwa mbali unadhani lilikuwa la vita kumbe ofisi tu ya serikali, mambo ya kodi, kesi na makaratasi.

Mi kinachonichekesha ni huo mwaka wenyewe. Makao makuu ya koloni yalishahamia Dar tangu 1891, yaani mtu kashahama halafu ndo anarudi kujenga jumba huku alikotoka! Nadhani walitaka watu waendelee kuogopa, maana vita vya Bushiri vya 1888 na 1889, watu wa pwani walipowainukia Wajerumani, walikuwa hawajavisahau.

Sasa usipige selfi mbele halafu ukasepa. Zunguka ukuta taratibu, tafuta sehemu lipu imebanduka, hapo ndo utamu ulipo: mawe ya matumbawe yameshikanishwa kwa chokaa, ukisogeza uso unaviona vile vitundu vya matumbawe kabisa na ukipitisha kiganja yanakwaruza. Mjerumani alileta ramani yake ila mawe ni ya pwani yetu, hilo hakuna kibao kinakwambia.

Kasoro sasa. Maelezo haba, ukienda bila mtembeza wageni unaangalia kuta tu, na ukimchukua mpatane bei kabla hamjaanza kutembea. Halafu wengine wanatia chumvi bwana, mmoja alitukazania eti Emin Pasha, yule Mjerumani aliyekuwa gavana kule Sudan ya kusini, alidondoka kwenye roshani ya hapo hapo. Kudondoka alidondoka kweli, Bagamoyo hii hii, tena kwenye sherehe, ila ilikuwa Desemba 1889, Boma lenyewe hata msingi halina! Nikamwambia kaka hesabu haikubali hiyo, akacheka akahamia stori nyingine.

Kutoka Dar ni rahisi, panda gari za Bagamoyo pale Makumbusho, ukishuka stendi chukua boda au bajaji. Nenda saa kumi hivi jua likishapoa, kuta zinatoka vizuri kwenye picha na huungui. Ukimaliza teremka forodhani, soko la samaki liko hapo hapo, pweza wa kukaanga usimkose.

Nyota nne. Ya tano nitatoa siku wakiweka vibao vya kueleweka, na viwe vya Kiswahili.