Bushi mpya na alaimenti kamili kwenye Eunos Roadster ya zamani: uzoefu wangu hapa Tanga

Kama una gari la spoti la miaka ya tisini na mfuko unaruhusu kazi moja tu mwaka huu, achana na rimu, achana na eksozi. Badilisha bushi za miguu yote minne, yaani viungo vya mpira vinavyoshika mikono ya magurudumu, halafu simama kwenye mashine ya alaimenti, ile ya kupima na kupanga pembe za magurudumu, mpaka kila pembe ikae mahali pake. Nimeifanya kazi hiyo kwenye Eunos Roadster yangu ya 1.6, ile Mazda MX-5 ya kwanza yenye taa zinazochomoza, na sijawahi kulipia kitu kilicholigeuza gari kiasi hiki.

Kwa asiyelijua gari hili: lilionyeshwa Chicago mwanzoni mwa 1989, na Japani likaanza kuuzwa mwaka huohuo kwa jina la Eunos. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito ni kilo 940 na kitu, na kila gurudumu limeshikwa na wishiboni mbili, yaani mikono ya chuma, wa juu na wa chini. Halina nguvu za kutisha. Raha yake yote iko kwenye usukani na kona. Sasa, wishiboni hizo zimeungana na fremu kwa bushi za mpira, na mpira wa miaka 30 na zaidi si mpira tena.

Dalili zilikuwa wazi. Barabara ya Tanga kwenda Segera malori yameilaza lami, kuna mifereji miwili mahali tairi zao zinapopita. Gari lilikuwa likiingia kwenye mfereji huo linavutwa, ukilirudisha linapitiliza, ukilirudisha tena linakwenda upande wa pili. Ukifunga breki kwa nguvu, pua inaelekea kushoto. Kwenye matuta ya Muheza kulikuwa na mlio wa kugonga chini ya miguu ya abiria. Na tairi za mbele zilikuwa zinaliwa upande wa ndani huku upande wa nje bado una vidato vizuri kabisa.

Nilishaambiwa na watu kwamba ni shokapu, wengine wakasema stelingi. Aliyenionyesha ukweli ni fundi mmoja mtu mzima wa gereji ya Ngamiani ambaye sote tunamwita Mjomba. Alilinyanyua gari kwa jeki, akaingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na fremu, akausukuma kidogo tu. Mkono ukasogea kama jino la mtoto lililolegea. Akaniambia niinamishe kichwa nitazame: mpira ulikuwa umepasuka duara zima, bomba la chuma la katikati limeegemea upande mmoja, na pale palipopasuka pametoka unga mweusi.

Inafaa kueleza bushi inafanya nini, maana wengi wanaichukulia kama kipande cha mpira cha kuzuia kelele. Bushi ya kiwandani ina mabomba mawili ya chuma, la nje na la ndani, na mpira katikati umegandishwa kwenye yote mawili. Boliti ikikazwa, bomba la ndani halizunguki. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojipinda na kurudi. Mpira ukikatika, mkono unapata nafasi ya kuhama mbele na nyuma, kulia na kushoto, na zile pembe za gurudumu zilizopimwa gari likiwa limesimama zinabadilika kila unapogusa breki au mafuta. Ndiyo maana alaimenti nilizopimiwa zamani hazikudumu. Kupima alaimenti juu ya bushi zilizokufa ni kutupa fedha.

Swali lililonichukua muda ni aina ya bushi: mpira kama wa kiwandani au poliyurethani, ile plastiki ngumu inayonyumbuka? Ukisoma maoni ya wenye Roadster wa Uingereza na Marekani, wengi wanapenda poliyurethani. Ni ngumu zaidi, mafuta hayaiharibu haraka, na fundi anaiingiza kwa mkono bila presi. Lakini yenyewe haijagandishwa kwenye chuma, inazunguka juu ya bomba lake, kwa hiyo inaishi kwa grisi. Grisi ikikauka inalia, na mchanga ukiingia inasaga. Hapa kwetu kuna vumbi, kuna upepo wa bahari, na nyumbani kwangu si mbali na Raskazone ambako chumvi inaganda mpaka kwenye vioo. Nikachagua mpira pande zote. Ni chaguo ninaloweza kulitetea mbele ya yeyote anayeendesha gari la barabarani mwambao huu. Wa kukimbia kwenye uwanja wa mashindano na kufungua gari kila wikiendi ana hesabu zake nyingine.

Niliagiza seti nzima kutoka Japani kwa intaneti. Pamoja na bushi niliagiza boliti mpya zote za ekisentriki na washa zake, na huu ndio ushauri wangu mkubwa kwa anayetaka kuanza. Roadster ina boliti nane za namna hiyo, mbili kwa kila mkono wa chini. Washa yake haina tundu la katikati sawasawa, kwa hiyo ukizungusha boliti, mkono unasogea ndani au nje. Hizo ndizo zinazorekebisha pembe. Zikishika kutu ndani ya bomba la bushi, hakuna alaimenti duniani itakayofanyika.

Na zangu zilikuwa zimeshika. Mjomba alizimwagia mafuta ya kulegeza kutu akazilaza usiku kucha, asubuhi nati zikafunguka vizuri, lakini boliti zenyewe hazikutoka. Ukizungusha kichwa, bomba la ndani linazunguka nalo na mpira unalia. Mbaya kuliko zote ilikuwa ile boliti ndefu ya nyuma inayopita chini ya habu, kile kitovu cha gurudumu, ambayo wenye magari haya wanaifahamu kwa ugumu wake. Aligonga, akapasha moto, akagonga tena. Mwisho akasimama na grenda mkononi.

"Kijana wangu, nikikata hapa hakuna kurudi. Una nyingine?"

"Ninayo, Mjomba. Kata."

Alipitisha jiwe la grenda kwenye upenyo kati ya mkono na nyumba ya habu bila kuigusa nyumba hiyo hata kwa mkwaruzo, cheche zinaruka hadi mlangoni. Kipande kilipotoka kilikuwa kimeliwa katikati, chembamba kuliko ncha zake. Hiyo ndiyo iliyokuwa imeshika gurudumu langu la nyuma.

Kutoa bushi za zamani kulihitaji presi ya haidroliki na vipande vya bomba vya ukubwa tofauti. Mkono unakaa juu ya bomba pana, soketi inasukuma kutoka juu, bushi inatoka kwa mlio kama bunduki. Mjomba alizisugua nyumba zake kwa msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, akasubiri ikauke. Kuingiza mpya alitumia maji ya sabuni tu. Mafundi wengine wangepaka grisi ya kawaida, na grisi hiyo inaula mpira taratibu. Boliti mpya zilipakwa grisi ya shaba kabla ya kupita.

Kisha jambo ambalo gereji nyingi hulikosea, na yeye hakuhitaji kukumbushwa: hakuzikaza boliti gari likiwa limening'inia. Alizishikiza tu kwa mkono, akalishusha gari likasimama kwa miguu yake juu ya vitalu vya mbao, akalitikisa mbele na nyuma mpaka likakaa kimo chake cha kawaida, ndipo akalala chini na kukaza kila moja. Mpira wa bushi unatakiwa utulie bila kujipinda gari likiwa limesimama. Ukikaza gurudumu likiwa hewani, mpira unabaki umesokotwa muda wote gari liko chini, na bushi mpya inapasuka mapema kabisa. Kwa hili peke yake ningerudi kwake hata kama angeniongezea bei.

Alaimenti ilinipa shida kidogo. Mahali pa kwanza waligusa tairodi tu, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu ya mbele, wakaweka usukani sawa, wakaniambia kemba ya gari hili, yaani mlalo wa tairi ukilitazama kwa mbele au kwa nyuma, hairekebishiki. Boliti nane mpya zilikuwa zinang'aa hapo chini. Nililipa, nikaondoka, nikatafuta kwingine. Karakana ya pili, hapahapa Tanga, kijana wa mashine alikuwa msikivu. Nilimwomba nikae kwenye kiti cha dereva wakati wa kupima, kwa sababu kwenye gari la kilo 940 uzito wa mtu unalishusha upande mmoja na namba zinahama. Akakubali bila kushangaa.

Tulianza nyuma. Ni lazima kuanza nyuma, kwa sababu magurudumu hayo ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi, na ya mbele yanapangwa kuyafuata. Ukizungusha boliti mbili za mkono mmoja kuelekea upande mmoja, kemba inabadilika. Ukizizungusha kinyume, ya nyuma unapata tou, yaani tairi kuelekea ndani au nje ukilitazama kwa juu, ya mbele unapata kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukiutazama kwa ubavuni. Tuliweka nyuma kemba hasi, tairi likiinamia ndani kwa juu, nyuzi 1.5 na tou ya ndani kidogo sana. Mbele kemba hasi nyuzi 1, kasta nyuzi 5 pande zote mbili, tou sifuri. Kuifikia kasta hiyo kushoto na kulia kwa pamoja kulimtoa jasho, kwani kila akipata kasta kemba inakimbia. Hakukata tamaa. Akanipa karatasi yenye namba za kabla na za baada, na kwenye zile za kabla upande wa kushoto mbele ulikuwa umepungua kasta karibu nyuzi 2. Kumbe ndiyo sababu pua ilikuwa inavutwa kushoto nikifunga breki.

Nililipeleka Lushoto kulijaribu. Kutoka Mombo kupanda ni kona tupu, zaidi ya kilomita 30, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na basi dogo linaweza kukutokea popote. Usukani sasa una uzito, na ukiuachia baada ya kona unarudi wenyewe katikati. Ukiugeuza kidogo, pua inakwenda kidogo, pale ulipotaka. Mkia unafuata bila kusitasita. Kwenye kona zenye mashimo ya pembeni zamani nilikuwa napunguza mwendo kwa woga wa gari kurukia upande wa pili, sasa linameza shimo na kuendelea na mstari wake. Ile kugonga ya matuta imekwisha. Na mpira umelinda ulaini: mke wangu, ambaye zamani hakulipenda gari hili kwa safari ndefu, alilala kutoka Korogwe hadi Segera.

Malalamiko? Kazi ya ufundi ilikula fedha kuliko bushi zenyewe, na hilo lazima ulipange mapema. Gari litakaa juu ya mbao bila kutembea, kwa hiyo uwe na usafiri mwingine. Na bushi mpya zimezianika shokapu zangu: gari likipita wimbi la lami kwa kasi bado linabembea mara moja zaidi ya inavyotakiwa, jambo ambalo zamani lilikuwa limefunikwa na kulegea kwa kila kitu. Shokapu nne zimeshaagizwa. Zikifungwa nitarudi kwa yule kijana wa mashine na karatasi yake, kwa sababu kimo cha gari kinaweza kubadilika na pembe zikahama nacho.