Midlaini badala ya laini kuu: maoni yangu baada ya kuitumia wodini

Tangu wodi yetu ianze kutumia midlaini, mrija wa kupitishia dawa unaowekwa mkononi, hatumwiti tena daktari mara kwa mara aje kuweka laini kuu, yaani mrija ambao ncha yake hufika kwenye mshipa mkubwa wa kifuani, mara nyingi kupitia shingoni. Nikikumbuka wagonjwa wa zamani, wengi walitobolewa shingoni kwa sababu moja tu: mishipa ya mikono ilikuwa imechoka, kanula (vimrija vifupi vya dripu) zinavimba kila kukicha, na antibayotiki bado zina wiki nzima. Dawa yenyewe haikuwa kali. Ilihitaji tu njia inayodumu.

Midlaini ni mrija mwororo wa sentimita 8 hadi 20. Huingizwa juu ya kiwiko kwa msaada wa altrasaundi, mara nyingi kwenye vena ya basiliki, mshipa wa damu ulio upande wa ndani wa mkono, kwa sababu ni pana na imenyooka. Ncha huishia karibu na kwapa, haifiki kifuani. Kwa hiyo hakuna kusubiri eksirei ya kuthibitisha ilipofika: damu ikirudi na maji yakapita bila kukwama, dawa inaanza. Ukiwa zamu ya usiku, hilo peke yake ni sababu ya kuipenda. Tena hakuna sindano inayopita jirani na pafu, na hatari ya maambukizi ya damu ni ndogo kuliko kwa laini kuu.

Wagonjwa nao huipokea vizuri. Wanageuza shingo, wanalala wanavyotaka, na kile kilio cha "mnanichoma tena?" kinapungua.

Sasa yanayoniudhi. Watu huambiwa kwamba watatolea damu ya vipimo humo humo. Siku za mwanzo inawezekana, baadaye mrija unakubali kuingiza na kukataa kutoa. Ukinunua kwa sababu hiyo utavunjika moyo. Jambo zito zaidi ni kuvuja. Kanula ya kiganjani ikivuja unaona uvimbe papo hapo, lakini midlaini imekaa ndani, chini ya nyama ya mkono, na dawa inaweza kumwagika kwa muda kabla ngozi haijaonyesha chochote. Mimi hupapasa mkono mpaka kwapani na kuulinganisha na wa pili. Mgonjwa akisema mkono mzito au unauma, sibishani naye, nasimamisha dripu kwanza. Damu nayo huweza kuganda kwenye mshipa, hasa mrija ukiwa mnene kuliko mshipa unavyoweza kubeba. Anayeweka lazima apime upana wa mshipa kwa altrasaundi kabla ya kuchagua saizi.

Matunzo hayana maajabu. Bomba la mililita 10 la maji ya chumvi, sukuma kidogo, simama, sukuma tena, kabla na baada ya dawa. Bandeji ya plastiki inayoonyesha ngozi hubadilishwa kila siku 7, au mara tu inapolowa au kubanduka.

Kwa matibabu yasiyozidi siku 14 naipa nyota nne kati ya tano. Mwongozo wa Michigan, Marekani, wa mwaka 2015 wa kuchagua mirija ya mishipani, uitwao MAGIC, nao unaipendekeza kwa muda huo huo.

Ila kuna wagonjwa ambao sitaki hata kuisikia ikitajwa kwao. Dripu ya mfululizo ya dawa zinazounguza nyama zikivuja, kama baadhi ya dawa za saratani, pamoja na lishe nzito ya mishipani, hizo ni kazi ya laini kuu. Ncha iliyoishia kwapani haina mkondo wa damu wa kutosha kuzizimua. Na mwenye ugonjwa sugu wa figo uliosonga mbele, waulize madaktari wa figo kabla hujagusa mkono wake: mishipa hiyo hiyo ndiyo atakayoihitaji kwa fistula, yaani mishipa miwili ya mkono inayounganishwa kwa upasuaji, siku akianza kusafishwa damu.