Hita ya sola juu ya bati: uzoefu wangu Arusha baada ya misimu miwili ya baridi

Anayeishi Arusha anaijua Julai ya huku. Mlima Meru unaweza kujificha wiki nzima. Saa kumi na mbili asubuhi ukifungua koki ya nje vidole vinakufa ganzi, na hakuna mtoto atakayekubali kuoga maji hayo kabla ya kwenda shule. Nyumbani kwetu tuko sita, na mmoja wetu ni mama mkwe wangu, mwenye miaka zaidi ya sabini na magoti yanayomsumbua tangu zamani. Kwetu maji ya moto si anasa.

Kwa miaka mingi tulitumia shawa za umeme, zile zinazofungwa palepale juu ya kichwa bafuni. Zetu zilikuwa za wati 5,500. Mtu mmoja akioga dakika nane anakula karibu robo tatu ya uniti. Watu sita ni uniti nne na nusu kwa siku, na kwa bei tunayonunulia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ambapo elfu kumi inatoa uniti 28 hivi kabla ya makato ya kodi ya jengo, ni kama shilingi 1,600 kila siku inayoteremka na maji ya kuogea. Mwezi mzima tulikuwa tunanunua umeme wa 110,000 hadi 120,000, na mimi nilidhani mlaji mkubwa ni friji.

Fedha peke yake pengine isingenisukuma. Jioni, mtaa mzima unapopika na kupiga pasi, umeme unapungua nguvu na shawa inatoa maji ya vuguvugu. Zaidi ya hapo kulikuwa na shoti. Wengi wetu tumezoea kuoga tumevaa ndala, na tunaona ni jambo la kawaida, kumbe ndala zile zinatukinga na bomba linalotetemesha mkono kwa sababu nyumba haina waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, uliofungwa sawasawa. Siku moja mama alitoka bafuni ameshika kiwiko, akaniambia, "Mwanangu, hiki chombo kitaniua." Wiki hiyohiyo nikaizima shawa ya bafu lake. Mwishoni mwa 2023 ukaingia mgao wa umeme, tukarudi kwenye jiko la mkaa na sufuria kubwa, ndoo na kopo. Nilikuwa naamka saa kumi kuwasha mkaa ili watoto waondoke saa kumi na mbili kasoro. Hapo ndipo nilipoamua.

Hita yetu ilifungwa Februari 2024. Ni ya lita 200, ina mirija 20 ya kioo, na ni ile isiyo na presha, yaani maji yanaingia na kutoka kwa mteremko tu. Kifaa chenyewe nilikilipia shilingi 1,950,000. Bomba na ufundi vilikula 480,000, na baadaye kidogo zikaongezeka 350,000 ambazo hakuna aliyekuwa ameniambia. Nitazifikia.

Inavyofanya kazi ni jambo lililonifurahisha tangu siku ya kwanza, kwa sababu haina mota wala pampu. Tenki liko juu, mirija inaning'inia chini yake kwa kulala kwenye fremu. Kila mrija una kuta mbili za kioo, na katikati ya kuta hizo hewa imeondolewa, kama chupa ya chai. Jua linapita, joto linanaswa ndani na halipati njia ya kurudi nje. Maji yaliyopata moto huwa mepesi, yanapanda yenyewe kuingia kwenye tenki, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Yanazunguka hivyo mchana kutwa. Tenki limevalishwa foma nene, kwa hiyo maji ya saa kumi jioni bado ni ya kuogea alfajiri ya kesho yake. Ukipitisha kiganja juu ya mrija saa saba mchana, kioo cha nje ni cha uvuguvugu tu, huku ndani maji yanakaribia kuchemka.

Kwenye kufunga ndipo watu wanapopoteza hela zao. Kwetu paa lenye nafasi linatazama mashariki, na fundi alitaka kuilaza hapohapo kufuata mteremko wa bati. Nikakataa. Sisi tuko kusini kidogo mwa ikweta, na mwezi Juni, wakati tunaohitaji jua kuliko wakati wowote, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Fundi akasema, "Mama, jua ni jua tu, litafika." Nilimwomba anitengenezee fremu inayotazama kaskazini hata kama itaonekana imekaa shaghalabaghala juu ya paa, na namshukuru alikubali. Jirani yangu aliyefunga ya kwake kufuata bati analalamika kwamba Julai hapati kitu.

Halafu kuna uzito. Lita 200 ni kilo 200 za maji peke yake, ongeza tenki, mirija na chuma. Tuliongeza mbao nne kwenye kenchi kabla ya kupandisha chochote. Ukiona fundi anapanda na hita bila kuchungulia darini kwanza, mshushe.

Sasa zile 350,000. Kwa hita isiyo na presha, simtanki la maji ya baridi lazima likae juu kuliko tenki la hita, la sivyo maji hayapandi. Mnara wetu ulikuwa mita tatu, na paa letu liko juu kuliko huo. Muuzaji alifika nyumbani, akapima bafu, akanywa chai, akaondoka bila kuutazama mnara. Siku ya kufunga ndipo tukagundua, na ikabidi tuite mchomeleaji auongeze mnara mita moja na nusu. Nilichukia sana, kwa sababu ni jambo ambalo angeliona akiwa amesimama getini.

Bomba za maji ya moto ni PPR, aina ya plastiki ngumu, zenye mstari mwekundu. Zile za mstari wa bluu ni za maji ya baridi, na zikipitishwa maji ya moto siku zote zinalegea. Kagua mwenyewe kabla hazijafukiwa ukutani. Kutoka kwenye hita hadi bafu la mama ni mita kumi na nne, kwa hiyo maji ya baridi yaliyolala ndani ya bomba yanatoka kwanza, kama lita mbili na nusu. Tunayakinga kwenye ndoo tukapigia deki. Ningekuwa najenga upya, ningeweka mabafu na jiko upande mmoja wa nyumba na hita juu yake.

Kuanzia Septemba hadi Aprili sina neno isipokuwa sifa. Februari maji yanatoka ya moto kupita kiasi, na hili nalisema kwa msisitizo kwa wenye watoto: maji ya kwenye mirija siku ya jua kali yanaunguza ngozi mara moja. Binti yangu mdogo alifungua koki nyekundu peke yake akaungua mkono. Lilikuwa jeraha dogo, Mungu alisaidia, ila nililia kuliko yeye. Wiki ileile tulifunga valvu ya kuchanganyia, inayozuia maji yasitoke yakiwa ya moto kupita kiwango ulichopanga. Ingekuwa sehemu ya vifaa vya kwanza. Hata hivyo watoto bado tunawafundisha: fungua baridi kwanza, ongeza moto polepole.

Msimu wa baridi ni hadithi nyingine, na hapa muuzaji alinidanganya. Aliniambia inachemsha "hata mvua ikinyesha". Siku yenye mawingu mepesi, ndiyo, unapata maji mazuri. Lakini zikifuatana siku nne za ukungu mzito, ifikapo jioni maji yana kama nyuzi 35, na asubuhi ni ya vuguvugu tu. Kwa ajili ya siku hizo ndani ya tenki kuna koili ya umeme ya wati 1,500. Juni ya kwanza fundi aliiacha imewashwa saa zote, imepangwa nyuzi 60. Usiku kucha ilikuwa inachemsha lita 200, nyingi zikiwa za kukaa tu. Mwezi huo nilinunua umeme wa 105,000, nikajiuliza zile milioni zimekwenda wapi.

Dawa yake ilikuwa saa ndogo ya kuwashia na kuzima, tuliyoinunua kwenye duka la vifaa vya umeme. Sasa koili inawaka saa tisa na nusu usiku na kuzimika saa kumi na moja alfajiri. Ni uniti mbili na robo, kama shilingi 800, na inaongeza karibu nyuzi kumi. Yaliyokuwa 35 yanafika 45, ambayo hata mama anaridhika nayo. Jua likirudi tunaizima kabisa kwenye swichi. Msimu wa baridi wa 2025 umeme wetu haukuzidi 85,000 kwa mwezi, na miezi ya jua tunanunua wa 65,000 hadi 70,000.

Kwa hiyo kama unanunua ukitegemea hela irudi mwaka mmoja, usinunue. Mimi nimetumia jumla ya 2,780,000, bila valvu na saa, na ninaokoa kama 40,000 kwa mwezi kwa wastani. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu miaka sita. Nyumba yenye watu wawili wanaooga haraka, kwa maoni yangu, ibaki na shawa ya umeme ifungwe ethi vizuri. Nyumba yenye watu wengi, mgonjwa, mzee au mtoto mchanga, hapo ndipo hita hii inapolipa, na inalipa kwa mambo ambayo LUKU haiyaonyeshi. Wenzetu Kenya mwaka 2012 waliweka kanuni kwamba majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yapate angalau asilimia 60 ya maji hayo kwa sola, na dada yangu anayeishi Nairobi ndiye aliyenionyesha mara ya kwanza matenki yamepangana juu ya mapaa. Alisema usiseme sola ni ghali mpaka umeulizia nyumba yenye wajukuu.

Tatizo kubwa tulilolipata ni la maji. Januari 2025 bomba la mtaani lilikauka siku mbili, simtanki likaisha, na sisi tukaendelea kufungua koki mpaka hita nayo ikabaki tupu, mirija ikipigwa jua bila maji ya kutosha. Maji yakarudi saa sita mchana. Nikiwa jikoni nikasikia kishindo juu ya bati, kisha maji yanamwagika kama mvua. Maji ya baridi yameingia kwenye kioo chenye moto, mrija umepasuka, na kwa aina hii ya hita mrija mmoja ukipasuka tenki zima linamwagikia hapo. Waranti ya miaka mitano ilikuwa ya tenki, mirija haimo. Mmoja ni 30,000. Nilinunua mitatu, miwili nimeihifadhi chini ya kitanda imefungwa kwenye kanga. Siku hizi maji yakikatika nafunga koki ya kutoka kwenye hita mapema, na ikitokea imekauka, haijazwi mpaka usiku, mirija ikishapoa.

Matunzo mengine ni mepesi. Kila baada ya miezi mitatu vumbi linafutwa kwa kitambaa chenye maji. Ndani ya tenki kuna kijiti cha magnesi, aina ya metali, kinacholiwa na kutu badala ya tenki, nacho fundi anakitoa kila mwaka kuona kimebaki kiasi gani. Chetu cha kwanza kilikuwa kimebaki kama kipande cha chaki, akaweka kipya. Kuhusu mirija, tazama ncha yake ya chini: ikiwa nzima inang'aa rangi ya fedha kama kioo cha kujitazamia. Hewa ikishapenya kati ya zile kuta, fedha ile inageuka nyeupe kama maziwa, na mrija huo hauchemshi tena hata kama haujapasuka.

Jumamosi iliyopita fundi alipanda. Nilikuwa nimesimama chini nimeshika ngazi, yeye akiinama kuitazama mmoja mmoja na kuhesabu kwa sauti. Alipofika wa kumi na saba akanyamaza, akaupangusa kwa kidole, akasema, "Mama, huu umekuwa mweupe." Nikaingia ndani kufungua mmoja wa ile ya kwenye kanga.