Nimelala usiku 31 kwenye hoteli za jina moja, na pointi bado hazitoshi!

Haya, mtazamaji wangu, karibu tena. Kwa mgeni: pointi ni zile alama hoteli inazompa mwanachama kila anapolipa, akizikusanya zinalipia chumba badala ya pesa. Leo narekodi nikiwa humu humu chumbani, ghorofa ya tatu, na hiyo ngurumo unayoisikia nyuma yangu usiilaumu maikrofoni, ni kiyoyozi. Nimekizima mara mbili, kinajiwasha chenyewe. Tunao muda wa kutosha, kwa sababu hapa mgeni hutoka saa tano asubuhi, ila mimi jana nilipoingia dada wa mapokezi kaangalia kadi yangu ya uanachama, ya daraja la fedha, yaani ya mteja wa mara kwa mara, kacheka vizuri, kaniambia, "Wewe kaa mpaka saa nane mchana." Sasa hivi ni saa nne na ushee. Kwa hiyo tulia.

Jina la kampuni sitalitaja, na msinisumbue huko kwenye maoni. Ni zile hoteli za katikati. Si za kifahari za kufunguliwa mlango na mtu mwenye glavu, wala si zile za kulala jicho moja wazi. Unajua kabisa nazungumzia nini. Kitanda kipo, intaneti ipo, televisheni ipo, kuna kibirika na vikombe viwili. Hayo sitayapitia, ukiona chumba kimoja umeviona vyote, na ndiyo maana yenyewe ya biashara hii. Mwaka 1952 Kemmons Wilson alifungua Holiday Inn ya kwanza pale Memphis, Marekani, baada ya safari na familia yake iliyomuudhi, kila walipolala wanadaiwa nyongeza kwa ajili ya watoto. Akaamua atajenga hoteli ambazo mtu akilala moja anaijua ya pili. Kwa hilo nawapa heshima yao. Nikiingia chumba cha namna hii usiku wa manane, taa imezimika, swichi ya bafuni naipata kwa kupapasa.

Kitu kimoja cha chumbani nakionyesha, halafu twende kwenye pointi. Pazia. Njoo karibu. Hili pazia zito lina pande mbili, na zikikutana hapa katikati zinaacha mwanya wa upana wa kidole. Saa kumi na mbili asubuhi jua linapita kwenye huo mwanya na kukupiga moja kwa moja jicho la kushoto. Katika usiku 31 sijawahi kukuta pazia linalofunga sawasawa, sijui nani huwa anayapima. Dawa yake iko kabatini: chukua hanga ya suruali, hii yenye vibanio viwili, bana upande huu, bana na huu. Umeona? Giza totoro. Kama hujajiunga na chaneli, hilo peke yake linatosha kukufanya ubonyeze kengele.

Sawa. Pointi. Hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Mwaka mzima nimekuwa mteja mwaminifu. Safari zangu zote za kazi nimelala kwao, hata pale ambapo hoteli ya jirani ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu "nakusanya pointi". Mke wangu akiniuliza mbona tunalipa zaidi, namjibu nakusanya pointi. Lengo lilikuwa moja tu: usiku mmoja wa Jumamosi, hoteli yao ya kando ya bahari, mimi na yeye, bure. Nilipoanza, usiku ule ulikuwa pointi 25,000. Leo nina 41,200. Ngoja nikuonyeshe simu. Nasogeza kamera... taa inarudisha mwanga... hivyo. Unaona salio? 41,200. Sasa natafuta Jumamosi. Naandika tarehe, naweka alama kwenye "tumia pointi", natafuta. Inazunguka. Inazunguka.

45,000.

Chumba ni kile kile, na picha ni ile ile ya yule mama aliyevaa kofia pana. Nimekimbia mwaka mzima na goli wamelisogeza.

Sasa usiamini hasira zangu, tupige hesabu, maana hii hesabu unaweza kuifanya na kampuni yoyote ile. Bei za pesa taslimu nimezigeuza ziwe za mfano ili kila mtu aweke sarafu yake. Jumanne ijayo, hoteli ile ile ya kando ya bahari: kwa pesa ni 100, kodi ikiwa ndani. Kwa pointi ni 20,000. Gawa 100 kwa 20,000, unapata kila pointi ina thamani ya nusu senti. Jumamosi: kwa pesa ni 130, kwa pointi 45,000. Gawa. Inashuka, haifiki hata theluthi ya senti. Umenielewa? Bei ya pesa imepanda kwa asilimia 30. Bei ya pointi imezidi mara mbili! Na mimi napata pointi 1,000 kwa kila 100 ninazolipa, ukiacha bonasi. Yaani nikitumia pointi zangu Jumanne ni kama nimerudishiwa 5 katika kila 100. Nikizitumia Jumamosi ni kama nimerudishiwa 3, tena pungufu kidogo. Kuna duka linakupa punguzo la namna hiyo bila hata kukuuliza jina lako.

Hesabu ile ifanye na bei yenye kodi. Wengi huchukua bei ya kwanza iliyoandikwa kwa herufi kubwa, kodi na ada hawazioni mpaka mwisho, halafu wanashangaa hesabu haikubali.

Zamani kampuni za hoteli zilikuwa na jedwali la bei za pointi. Hoteli ya kundi hili, pointi hizi, kwisha, unajua unachokimbilia. Kati ya kampuni kubwa, Hilton waliondoa jedwali lao mwaka 2017, Marriott wakafuata mwaka 2022, na sasa bei ya pointi inapanda na kushuka kama ya tiketi ya ndege. Hyatt wameendelea kutoa jedwali, na ndiyo maana wanaofuatilia mambo haya wanawasifu sana, ingawa hoteli zao ni chache ukilinganisha na hao wengine. Accor, kampuni nyingine ya hoteli, nao wana mtindo wao ambao mwanzoni niliudharau: pointi 2,000 ni euro 40 unapunguziwa kwenye bili, basi. Haina msisimko wowote. Hutapata usiku wa ajabu kwa pointi kiduchu ukaja kujisifia hapa. Lakini angalau huwezi kuamka asubuhi ukakuta euro 40 zimekuwa 22. Nilikuwa nawacheka, siku hizi siwacheki tena.

Na hawa jamaa wa hoteli mambo haya ya pointi hawakuyabuni wenyewe. Shirika la ndege la American Airlines walianza na mpango wao wa AAdvantage mwaka 1981, abiria anakusanya maili za ndege, na miaka miwili baadaye, 1983, Holiday Inn na Marriott wakawa na mipango yao. Mwaka 1999 Starwood, kampuni nyingine ya hoteli, wakaja na sera ya kusema kama chumba cha kawaida kipo kwa pesa, kipo na kwa pointi, hakuna cha tarehe zilizofungwa. Wenzetu wa wakati ule bado wanaililia. Marriott wakainunua Starwood mwaka 2016, na mwaka 2019 yote yakamezwa ndani ya Bonvoy, mpango wa pointi wa Marriott.

Ngoja, nirudi kwenye simu, kuna mchezo mwingine. Tazama Ijumaa. Nikiweka "tumia pointi" inaniambia hakuna chumba. Sasa naondoa ile alama, natafuta kwa pesa... vyumba vipo! Vitatu vya aina tofauti. "Mwonekano wa bustani", "kona", "kikubwa zaidi kidogo". Hiyo ndiyo siri. Pointi zinanunua chumba cha kawaida tu, na kama hoteli imeviita vyumba vyake vingi majina ya mapambo, vya kawaida vinabaki vichache. "Kikubwa zaidi kidogo" nimewahi kulala, nilitafuta huo ukubwa hata nyuma ya mlango sikuuona.

Lakini, na hapa naomba niwe mkweli, huyu mwenye hoteli nami namwelewa. Watu wengi hawajui kwamba jina la juu ya jengo si la mwenye jengo. Makampuni haya makubwa yanamiliki hoteli chache mno. Nyingi ni za wawekezaji wanaolipa ili watumie jina, mfumo na huo mpango wa pointi. Mgeni akija kwa pointi, kampuni inamrudishia mwenye hoteli kiasi fulani, mara nyingi kidogo kuliko bei ya kawaida. Hoteli ikikaribia kujaa ndipo kiasi kinapanda kukaribia bei halisi. Kwa hiyo siku ya katikati ya wiki, hoteli ikiwa nusu tupu, mimi na pointi zangu ni mgeni anayemwingizia kidogo tu. Ukishajua hilo, utaelewa kwa nini hoteli moja inakupokea kama bwana harusi na nyingine, jina lile lile, kadi ile ile, inakutazama kama umekuja kukopa.

Nilishapata hiyo. Sitasema wapi. Naonyesha kadi, kaka wa mapokezi ananiambia, "Daraja la fedha sisi hapa hatuna kitu, labda chupa ya maji." Akatafuta chupa, ikakosekana.

Kuna mtazamaji aliniandikia wiki iliyopita, akasema yeye amepoteza pointi zote kwa sababu hakulala miaka miwili. Pole sana. Hilo jamani liangalieni. Hilton na Marriott ukikaa miezi 24 bila pointi kuingia wala kutoka, zinafutwa. IHG, wenye jina la Holiday Inn, kwa mwanachama wa kawaida ni miezi 12 tu. Si lazima ulale, mara nyingi hata kununua pointi chache kunatosha kuhuisha akaunti. Na jambo la pili, ukikata chumba kupitia tovuti za watu wa kati kama Booking.com au Expedia, kwa kawaida pointi hupati, na usiku wako hauhesabiwi kupanda daraja. Mimi usiku wangu mitatu ya kwanza ilipotea hivyo hivyo. Nililala, nikalipa, kwenye mfumo wao sikuwahi kuzaliwa.

Na kama una pointi nyingi kunishinda, usikate usiku mmoja mmoja. Marriott ukikata usiku mitano kwa pointi, unalipia minne. Hilton pia wanatoa usiku wa tano bure kwa wenye daraja, kuanzia la chini kabisa la fedha. Hapo hesabu yetu ya kugawa inabadilika kabisa, piga tena uone. Hawa wa kwangu hawana. Nimeuliza. Nimeuliza mara mbili.

Habari ya chaneli kabla sijasahau: video ya masanduku ya magurudumu inakuja, imechelewa kwa sababu sanduku moja kati ya yale manne limevunjika gurudumu kabla sijalirekodi, jambo ambalo nadhani ni uchambuzi tayari. Na wale mnaoniuliza kama hoteli hii imenilipa: ningelipwa ningekuwa na pointi 45,000.

Sasa je, nahama? Usiku wa jana niliapa nahama. Halafu nikalala, na huu mto, hebu uone, huu mto ukiubonyeza unarudi taratibu... sikuamka mpaka asubuhi. Na nikiongeza usiku tisa naingia daraja la dhahabu, kifungua kinywa bure kwa wawili. Nimeshapiga hesabu ya kifungua kinywa, kwa safari zangu kina thamani kuliko pointi zote nilizonazo. Basi ndugu yangu, pengine nilikuwa nakusanya kitu kisicho chenyewe. Hapana, usinicheke. Wiki ijayo nimeshakata chumba. Kwa pesa. Jumanne.

Ah, kitu cha mwisho, nilikiahidi kwenye video iliyopita. Nina dhana kwamba mfumo wao unaniweka jirani na lifti kila mara. Nimeonywa nisiseme bila ushahidi, basi tuhesabu hatua. Nachukua simu, kamera kubwa naiacha hapo kwenye meza. Natoka. Hii korido... moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Sita! Hatua sita, hii hapa lifti. Usiku kila anayepanda namsikia anavyoaga wenzake. Haya, narudi chumbani tumalizie.

Naweka kadi... nyekundu. Naigeuza. Nyekundu. Taratibu sasa, wakati mwingine ukiichomoa haraka haisomi. Nyekundu tena.

Saa ngapi? Saa tano na dakika nne.

Yaani dada yule alinipa mpaka saa nane kwa mdomo, kadi hakuiongezea muda. Kadi hizi zinawekewa saa ya kutoka siku unapoingia, saa ikifika mlango haukujui, uwe wa fedha uwe wa dhahabu. Kamera iko ndani inarekodi kitanda. Viatu viko ndani. Nina soksi, na moja, naomba usiikaribishe picha, ina tundu.

Nashuka mapokezi. Angalau lifti iko karibu.