Nimejaribu seti ya kutolea skrubu zilizoliwa kwenye mashine ya nyasi ya zamani

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu marahaba. Na ndugu zangu wa Iringa, kamwene. Nipo Uyole, nje ya banda langu, na ukiniona na koti zito ujue ni Julai. Mbeya haina utani.

Hapa mezani nina hii seti: vitoleo vitano, hivi vyenye meno yaliyojisokota, na biti tano za drili zinazokata kwa kuzunguka kinyume. Nimenunua Mwanjelwa kwa shilingi 25,000, hela yangu, hakuna aliyenipa nije niisifie. Na huyu mgonjwa wetu ni mashine ya kukata nyasi ya mzee mmoja wa Tukuyu. Ni ya Marekani, ina umri kunizidi mimi. Injini nzima kabisa. Puli ya mkanda ndiyo imemeguka ukingo, na haitoki, kwa sababu ya skrubu mbili za aleni, zile zisizo na kichwa, zenye tundu la kona sita la kuingizia kii, zinazozama ndani ya puli na kuibana shafti. Tukuyu mnaijua kwa mvua. Mashine imelala bandani miaka na miaka, kutu imekaa humo kama mwenye nyumba.

Sasa kabla sijalaumu kutu, niseme ukweli: moja nimeila mimi mwenyewe. Nilichukua aleni kii ya milimita 3, ikaingia, ikacheza kidogo, nikasema twende. Kruu! Kona zote zimekwenda. Kumbe mashine ya Marekani ya zamani ni ya inchi. Skrubu ya robo inchi inataka aleni ya moja ya nane ya inchi, ambayo ni milimita 3.175. Tofauti haifiki hata robo ya milimita, lakini ukikandamiza, hiyo nafasi ndogo ndiyo inayokula kona. Kwa hiyo wewe mwenye mashine ya zamani, ukiona aleni inacheza hata kidogo, ichomoe. Usijipe moyo.

Haya, seti. Nilianza na mafuta usiku kucha. Wengi tunakimbilia kopo la WD-40, na mimi ninalo, ila ile ilitengenezwa mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma. Kwa kutu iliyoshika hivi nilitumia mafuta ya kupenya yenyewe, tone, nagonga kwa panchi taratibu, tone tena.

Asubuhi nikaingiza kitoleo namba 2. Sogea hapa uone ncha yake. Unaona ilivyojipinda? Kidogo tu ikatikie ndani, na ingekatikia humo leo tusingekuwa na video, tungekuwa na msiba. Kile chuma ni kigumu kuliko biti nyingi tulizo nazo, kukitoboa ni adhabu.

Na kosa si la ubora peke yake. Kiangalie: mbele chembamba, nyuma kinene. Ukikizungusha kinazama na kutanua tundu. Kwenye bolti nene iliyokatika kichwa, sawa, kuna nyama ya kutosha. Lakini hii skrubu katikati tayari ina tundu la aleni, kilichobaki ni ukuta mwembamba. Ukiutanua unakwenda wapi? Unaikandamiza puli. Nilikuwa naikaza huku nadhani naifungua! Boksini wamechora kila aina ya skrubu, na hii isiyo na kichwa ipo. Hapo sikubaliani nao.

Skrubu ya kwanza ilitoka kwa njia nyingine kabisa. Nilifungua tanki la petroli nikaliweka mbali, kule mgombani, nikafuta mafuta yote, halafu nikapasha puli kwa tochi ya gesi. Puli, siyo skrubu. Puli ikitanuka tundu linalegea, na kama waliweka gundi ya thredi, moto unailainisha. Ikiwa bado ya moto nikagusisha mshumaa, nta ikanyonywa ndani kwenye thredi. Kisha nikachukua biti ya nyota, T20, inayokataa kidogo kuingia, nikaigonga kwa nyundo mpaka mlio ukabadilika, kutoka "ko" kuwa "ti". Hapo ujue imekaa. Nikazungusha kwa spana, ikalia kama mlango wa zizi, ikaja.

Ya pili, ile niliyoila mimi, ilikataa hata nyota. Hapo ndipo seti ikajitetea kidogo. Nilifunga biti ya milimita 4 inayokata kinyume, drili nimeigeuza irudi nyuma, mwendo wa polepole, tone la mafuta kila mara. Tundu la aleni lenyewe linaiongoza biti ikae katikati. Hizi skrubu ni chuma kilichokomazwa, biti inakula kama panya kwenye mahindi makavu. Dakika kama kumi hivi, ghafla biti ikang'ata, skrubu ikaanza kupanda yenyewe. Biti imeisha makali, lakini imefanya kazi. Ukiweza pata za kobalti, nunua hizo peke yake uache boksi zima dukani.

Nikafunga pula, kile kifaa cha kuvutia puli kwenye shafti, nikavuta. Puli haisogei hata unywele! Nikamulika tochi kwenye lile tundu: chini kuna skrubu nyingine. Huwa wanafanya hivyo, ya juu inafunga ya chini isilegee. Hii ya chini haijaguswa na mtu, kona zake safi. Nikaazima kwa jirani aleni ya moja ya nane ya inchi. Imeingia bila kucheza, robo mzunguko, imetoka.

Kwa hiyo seti naipa nne kwa kumi, na hizo nne zote ni za biti. Vitoleo vitabaki boksini vikisubiri bolti nene. Mzee ameshapiga simu mara mbili tangu nianze kurekodi, ngoja nimpigie nimwambie puli imetoka, na bei imepanda kidogo kwa sababu skrubu zilikuwa tatu.