Taa ya Mbele ya Baiskeli kwa Barabara za Usiku Mwanza: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mwanza jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo jioni mwaka mzima, na giza halichelewi baada ya hapo. Anayetoka mjini kwa baiskeli kurudi Buhongwa, Igoma au Kisesa baada ya kazi hupita sehemu zenye taa za barabarani na sehemu zisizo na taa kabisa, akakutana na matuta yaliyofutika rangi, mashimo ya pembeni mwa lami, na mchanga ambao mvua huushusha kutoka vilimani na kuuacha barabarani. Kwa mtu huyo taa ya mbele ina kazi mbili zilizo tofauti: kuwawezesha wengine wamwone, na kumwezesha yeye mwenyewe aone anakokwenda. Taa nyingi zinazouzwa huimudu kazi ya kwanza tu, na mpangilio wa hapa chini umezingatia zaidi ile ya pili.

Mwanga unatakiwa ufike umbali gani? Mwendesha baiskeli wa kawaida kwenye tambarare huenda takriban kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu kila sekunde. Akitumia sekunde moja na nusu kulitambua shimo na kushika breki, atakuwa ameshapita mita nane, na breki nzuri kwenye lami kavu zitataka mita nne au tano nyingine. Akiwa anateremka kwa kilomita 30 kwa saa, jumla hiyo hupanda hadi zaidi ya mita 20, na lami ikiwa imelowa, au breki zikiwa zile za vyuma virefu vya baiskeli za zamani, huongezeka tena. Kwa hiyo taa inayomulika mita kumi tu haitoshi kwenye miteremko ya mji huu, hata kama inang'aa sana karibu na gurudumu.

Kipimo kinachoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye boksi ni lumeni, ambacho ni mwanga wote unaotoka kwenye taa bila kujali unaelekea wapi. Kinachomfaa mwendeshaji ni luksi, yaani mwanga unaotua mahali fulani mbele yake. Taa za LED za wavuvi wa dagaa zinaionyesha vizuri tofauti hiyo: zina mwanga mwingi, lakini umetawanywa kila upande ili kuwavuta dagaa, na ukiifunga mojawapo kwenye usukani itamulika miti, kifua chako na macho ya dereva wa daladala kabla haijaimulika lami. Bei yake inashawishi, lakini ibaki ziwani.

Tarakimu hizo za lumeni zinaweza pia kuhakikiwa kwa hesabu ndogo, ambayo muuzaji hataipenda. Betri ya lithiamu inayotumika zaidi kwenye taa za aina hii ni ile ya namba 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na iliyo bora hubeba takriban mAh 3500 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba). Ukiona betri ya umbo hilo imeandikwa mAh 9900, umeshajua kwamba karatasi yake inadanganya. Betri nzuri moja huhifadhi nishati ya wati 12 hivi kwa saa moja, na taa ya LED iliyotengenezwa vizuri hutoa karibu lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo lumeni 400 zitadumu takriban saa tatu. Taa ya betri moja inayoahidi lumeni 3000 kwa saa sita ingehitaji nishati inayozidi hiyo mara kumi na zaidi, na muuzaji anayeiapia ahadi hiyo ama hajapiga hesabu au anajua wewe hujapiga.

Nafasi ya kwanza naipa taa ya kuchaji yenye mwanga uliokatwa kwa juu, unaokaa kama taa za gari zilizowekwa kwenye dimu. Kioo chake huulaza mwanga barabarani na kuuzuia usipande, hivyo hauendi bure angani na haumwumizi macho anayekuja. Ujerumani huilazimisha tabia hiyo kisheria, na taa iliyokubaliwa huko huwa na alama ya mstari wa mawimbi unaofuatwa na herufi K na namba. Ukiikuta alama hiyo kwenye taa ya mtumba isiyo na mikwaruzo kiooni, usiipite haraka. Luksi 40 zinatosha kwenye tambarare, na 60 au zaidi zinafaa kwa mwenye kuteremka milima kila siku. Taa hizi hazina lumeni za kutisha, na ndiyo maana wanunuzi wengi huziacha, ilhali lumeni 300 zilizoelekezwa barabarani huonyesha tuta mapema kuliko 800 zilizomwagwa ovyo. Nikichagua kati ya mbili zinazolingana, huchukua ile ambayo betri yake inatolewa na kubadilishwa, kwa sababu betri iliyofungiwa ndani ikichoka, taa nzima imekwisha. Chaji iwe kwa waya wa USB uleule wa simu, ili umeme ukikatika usiku kucha pawabenki ikusaidie asubuhi.

Ya pili ni taa ya dainamo iliyo ndani ya habu, yaani kitovu, ya gurudumu la mbele. Kwa ubora wa matumizi ingeweza kuwa ya kwanza: haina cha kuchaji, haisahauliki nyumbani, na si rahisi kuchomolewa na mwizi wakati umeegesha baiskeli sokoni. Dainamo hizi hutoa volti 6 na wati 3, kiasi ambacho taa za kisasa za LED hugeuza kuwa mwanga wa kutosha kabisa, na uzito unaoongezeka kwenye pedali hauhisiki sana. Nyingine zina kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, inayoiacha taa ikiwaka kidogo unaposimama kwenye makutano, jambo ambalo nalihesabu kuwa la lazima. Kinachoishusha ni kuinunua ikiwa mpya, kwa sababu gharama ya habu, ya taa na ya fundi anayejua kusuka spoku upya hukaribia bei ya baiskeli yenyewe. Njia rahisi ni kutafuta baiskeli ya mtumba, hasa ya kutoka Japani, ambayo gurudumu lake la mbele tayari lina dainamo hiyo: habu yake ni nene kuliko kawaida, ina kichomeo cha waya pembeni, na ukizungusha gurudumu kwa mkono utahisi mivuto midogo ya sumaku. Balbu ya zamani ikiwa imeungua, weka taa ya LED iliyoandikwa kwamba ni ya dainamo ya volti 6, si ya pikipiki. Kwa anayesafiri usiku mara nne au tano kwa wiki, nafasi hizi mbili zinabadilishana.

Ya tatu ni tochi ya kuchaji yenye mwanga wa duara, ama iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli, ama tochi ya kawaida iliyobanwa kwenye usukani kwa kishikizo. Aina hii ndiyo iliyojaa madukani, na si mbaya ikiwa mwendeshaji ataiinamisha. Upungufu wake ni kwamba ukiinamisha ili usiwapofushe watu, duara lote linatua karibu na gurudumu; ukiiinua ili uone mbali, dereva anayekuja atakujibu kwa ful. Usinunue yenye vishikizo vya mpira mwembamba, kwani barabara ya changarawe huigeuza ikatazama chini baada ya mita mia chache.

Dainamo ya chupa inayosuguana na tairi ni ya nne. Ni ya bei ndogo na fundi yeyote anaifahamu, lakini huongeza uzito wa kupiga pedali, hula ubavu wa tairi, na huteleza tairi linapolowa, yaani hukosa mwanga mvua inaponyesha.

Taa ndogo za kumwekamweka zinazotumia betri bapa zenye umbo la sarafu ni za mwisho, na kwa kuona barabara hazifai kabisa. Zinafaa kama akiba, au kwa asiyetoka kwenye mitaa yenye taa.

Kabla ya kulipa, omba uiwashe taa kwenye stoo au kona yenye giza na kuielekeza ukutani, kisha tazama kama mwanga una ukingo ulionyooka kwa juu au ni duara lenye kitone kikali katikati na giza pembeni. Soma pia alama ya kuzuia maji: IPX4 inavumilia mrusho wa maji kutoka kila upande na inatosha kwa mvua za vuli na masika, na IPX7 huvumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Angalia kifuniko cha tundu la chaji, kwa sababu ndicho kinachoanza kuchakaa.

Mwenye kapu la mbele, au anayebeba kreti za samaki kutoka mwaloni Kirumba, afunge taa chini kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele badala ya usukani, la sivyo mzigo utakaa mbele ya mwanga. Taa iliyo chini huyapa mashimo vivuli virefu, nayo yanaonekana mapema. Kuipanga, simamisha baiskeli mita tano kutoka ukutani na uinamishe taa mpaka katikati ya mwanga ipige ukuta kwenye nusu ya kimo cha taa. Mwanga huo utagusa ardhi mita kumi mbele, na ule wa juu yake utaendelea mbali zaidi. Anayepita kando ya ziwa avae pia miwani isiyo na rangi, kwa kuwa wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga wowote, na taa nzuri huwaleta moja kwa moja usoni.